Mama Hajapotea, Namba Ndiyo Iliyopotea



Yale mabango sote tunayajua. Rangi nzuri, nembo za wafadhili zimepangwa chini, daktari anatabasamu: kambi ya matibabu ya bure, presha, sukari, saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, njoo na mwenzako. Tunasambaza. Tunawatumia kina mama, khalti na mashangazi kwenye WhatsApp. Siku yenyewe hema linajaa, foleni inafika barabarani, na jioni picha zinapanda mtandaoni na maneno makubwa: kina mama mia tatu wamefanyiwa uchunguzi, alhamdulillah.

Alhamdulillah kweli. Sina ubaya na kambi, mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaobeba viti. Lakini kuna swali ambalo kwa picha zile huwa halina jibu. Hao mia tatu, wangapi walipata majibu yao?

Manake kupimwa ni kitu kimoja, na kujua ulichopimwa kimesema nini ni kitu kingine. Na kati ya hivyo viwili kuna kitu kidogo sana ambacho hakuna mtu anakipigia makofi: jina na namba ya simu zilizoandikwa kwa fomu. Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo namba, kwa sababu naona inaua watu kimya kimya na sisi tunaendelea kuhesabu vichwa.

Tuanze na mfano mmoja tunaoujua, saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Kenya, kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, inaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka. Na uchungu wake ni kwamba ni saratani inayoweza kuzuiwa. Karibu kesi zote zinatokana na kirusi kinachoitwa HPV. Kirusi kikikaa mwilini bila kutoka, kwa kawaida kinachukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, na kwa mwanamke anayeishi na HIV bila matibabu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Yaani tuna muda. Katika muda huo mama hasikii maumivu, hana dalili, anapika, anauza, anaenda madrasa ya kina mama. Akigunduliwa wakati huo, yale mabadiliko yanachomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, kazi ya dakika chache, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akigunduliwa baada ya kuanza kutoka damu, hapo tunazungumza habari ya upasuaji, mionzi na harambee.

Kwa miaka mingi uchunguzi wetu umekuwa wa siki. Nesi anapaka siki nyepesi, anasubiri kidogo, sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Uzuri wa siki ni kwamba mama anatoka pale na jibu lake. Na kama mashine ya kutibu iko, anaweza kutibiwa hapo hapo. Namba ya simu ikikosewa, si hasara kubwa.

Sasa mambo yamebadilika. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza badala ya siki, kwa sababu kinagundua zaidi na mapema zaidi. Tena kina faida kubwa kwetu: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti cha pamba, bila kulala kwa kitanda wala kuangaliwa na mtu. Mnajua wenyewe ni kina mama wangapi wanakataa uchunguzi kwa sababu ya haya. Kipimo hiki kinaondoa ule mlima.

Lakini sampuli lazima iende maabara. Majibu hayatoki siku ile. Inaweza kuwa siku kadhaa, inaweza kuwa wiki kadhaa. Kwa hivyo mama anaenda nyumbani bila jibu, na kitu pekee kinachomuunganisha na maisha yake ni tarakimu kumi alizoandika karani akiwa amechoka saa tisa mchana.

Ndiyo nasema: kadiri vipimo vinavyokuwa vizuri, ndivyo namba ya simu inavyozidi kuwa sehemu ya matibabu. Kwa siki, tuliweza kuvumilia daftari bovu. Kwa HPV hatuwezi. Na si HPV peke yake. Kipimo cha makohozi cha TB ni vivyo hivyo. Damu inayopelekwa maabara ni vivyo hivyo. Mama anayeambiwa presha iko juu arudi baada ya wiki mbili ni vivyo hivyo.

Tuangalie basi namba inapotea vipi. Si ati makarani ni wabaya. Keti kwa meza ya usajili siku moja tu utaelewa.

Mama anafika. "Jina?" Anasema Fatuma Ali. Karani anaandika Fatuma Ali. Kitambulisho kinasema Fatma Aly Mohamed. Kadi ya kliniki ya zamani inasema Fatma Ali. Mtaani hakuna anayemjua kwa jina hilo, ni Mama Salim. Kwa majina yetu tunaandika Mohamed, Muhammad, Mohammed, Mohamud, na kompyuta inaona watu wanne. Aisha, Asha, Aysha, Mwanaisha. Khadija na Hadija. Kisha kinyume chake: mtaa mmoja una kina Fatuma Ali kumi, na daftari halina kitu cha kuwatofautisha. Mwaka wa kuzaliwa? Wazee wetu wengi wana mwaka wa kukadiria, na wengine wamewekwa Januari mosi yote. Ukichanganya jina la kawaida na Januari mosi, umepata jibu la mtu mwingine.

"Namba ya simu?" Mama anasema, "Andika ya mwanangu, mimi hii simu ni ya kupokea tu." Mwana yuko Nairobi, ama yuko Saudia. Ama mama anaitaja namba kwa kichwa, amesahau kwamba laini hiyo iliibwa na simu mwaka jana. Ama ana laini mbili, moja ya kupiga, moja ya M-Pesa, na ile aliyoitoa ni ile inayowekwa kwa simu siku ya kutumiwa pesa tu. Ama anayo namba ya 01 na karani kwa mazoea anaanza 07. Moja inafanana na saba, sifuri inafanana na sita, kalamu inaisha wino. Wengine wanaandika namba ya jirani. Wengine wanaandika ya mume, na mume hakuambiwa kwamba mke amepimwa.

Baada ya wiki tatu nesi anapiga. Sauti ile sote tunaijua, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Anajaribu kesho. Mteja. Keshokutwa anapokea mtu wa Kisumu, anasema wewe umekosea, mimi si Fatuma. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizokaa bila kutumika, kwa hivyo namba inaweza kuwa ilikuwa sahihi siku ya fomu na leo ni ya mtu mwingine kabisa. Nesi ana wagonjwa arobaini nje. Anaandika kwa rejista: hapatikani. Mwisho wa mwezi inaingia kwa ripoti kama mgonjwa aliyepotea.

Hapa ndipo mimi nakataa. Huyu mama hajapotea. Yuko nyumbani kwake, nyuma ya duka la mandazi, mahali alipo tangu aolewe. Ukimtuma mtoto yeyote wa mtaa atakupeleka. Kilichopotea ni namba. Tukisema mgonjwa amepotea tunamtwika yeye lawama, halafu tunaanza kuhutubia kina mama kwa warsha: wanawake wetu hawajali afya, hawarudi, hawana elimu. Kumbe hawakuitwa.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Fikiria mama anafanya nini katika zile wiki za kusubiri. Ameambiwa, "Tutakupigia kama kuna shida." Simu haiji. Anaelewa nini? Anaelewa hakuna shida. Anamshukuru Mungu. Akisikia kambi nyingine mwakani anasema mimi nilishapimwa niko sawa, waende wengine. Kimya kimekuwa cheti. Mama ambaye hajapimwa kabisa angalau anajua hajapimwa, anaweza kushawishiwa. Huyu tumempa amani ya uongo, na akianza kuona damu miaka mingi baadaye hatafikiria saratani kwa sababu alipimwa. Kwa hivyo uchunguzi wenye namba mbovu si nusu ya kazi nzuri. Kwa yule mmoja aliyekuwa na shida, ni madhara.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Kambi imepima kina mama 200. Tuseme 20 wana kirusi. Tuseme namba moja kati ya tano ina kasoro. Kwa jumla wamefikiwa 160, asilimia 80, ripoti inapendeza. Lakini kati ya wale 20, wanne hawakupatikana. Hao wanne ndio kambi nzima ilikuwa inawatafuta. Wale 180 wengine hatukuwa na cha kuwatibu. Ukikosa hao wanne, hema, spika, maji ya chupa na fulana zote zilikuwa za nini?

Kuna watu watasema hili ni tatizo la nchi maskini, tukipata kompyuta litakwisha. Sivyo. Mwaka wa 2018 Uingereza, nchi yenye sajili za kompyuta na barua zinazofika mpaka mlangoni, iligundulika kwamba zaidi ya wanawake 40,000 hawakutumiwa barua za uchunguzi wa mlango wa kizazi. Wengi ilikuwa mialiko na vikumbusho, lakini zaidi ya 4,000 zilikuwa barua za majibu. Kazi ya kutuma ilikuwa imepewa kampuni binafsi, Capita. Orodha zilikuwapo, mashine zilikuwapo, pesa zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila wiki: barua tulizopaswa kutuma ni ngapi, na zilizotumwa ni ngapi? Kompyuta inabeba kosa la karani haraka zaidi, hailisahihishi. Sisi tunaoingizwa sasa kwenye mifumo ya afya ya kidijitali, chini ya Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, tulichukue hilo kama onyo la mapema.

Sasa nije kwa pingamizi, na pingamizi hili naliheshimu kwa sababu linatoka kwetu.

Kuna wanaosema: ndugu, wewe unataka watu wetu watoe namba sahihi, jina sahihi, mtaa sahihi? Sisi na orodha tunajuana. Vijana wetu wamesimamishwa kwa sababu ya majina yao. Watu wetu wamepelekwa mbele ya kamati za kuhojiwa ili wapewe kitambulisho ambacho jirani yao alipewa bila maswali. Na Kaskazini Mashariki kuna Wakenya ambao, wakati wa ukame, familia zao ziliandikishwa katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula, na walipofikisha umri wa kitambulisho alama za vidole zikasema wao ni wakimbizi. Wengine wamekaa miaka mingi bila kitambulisho kwa sababu ya rekodi hiyo moja. Kwa hivyo mtu akitoa namba ya uongo kwa meza ya kliniki, anajilinda.

Naelewa. Tena naongeza lingine: siri ya mama. Namba sahihi inayopokelewa na mtu asiyefaa ni hatari pia. Nesi anapiga, mume anapokea, nesi anasema "mwambie Fatuma majibu ya HPV yako tayari." Kirusi hiki kinaenezwa kwa kujamiiana na kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kujua, lakini kwa masikio ya mume asiyejua, hayo ni mashtaka. Ndoa zinaweza kuvunjika kwa simu ya dakika moja.

Lakini angalieni hitimisho. Kisa cha Kaskazini Mashariki hakitufundishi kukimbia rekodi. Kinatufundisha kwamba rekodi ya makosa inakufuata maisha yako yote, na kuirekebisha ni kazi ngumu kuliko kuiandika vizuri mara ya kwanza. Mtu anayeumia kwa namba ya uongo si afisa wa usalama, ni mama mwenyewe. Dawa ya hofu ni kudai vitu viwili kwa pamoja: andikeni sahihi, na lindeni mlichoandika.

Na hapo sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya. Ibara ya 31 inalinda faragha. Ibara ya 35 inasema kila mtu ana haki ya kurekebishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli zinazomhusu na kumuathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari zako ahakikishe ni sahihi na za wakati, akwambie anazikusanya kwa nini, na akurekebishie ukimwomba. Habari za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti zaidi. Kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko. Kwa hivyo ukienda kliniki ukasema "namba ya mamangu mmeiandika vibaya, tafadhali ibadilisheni," huombi hisani. Unadai haki.

Tufanye nini basi? Naanza na sisi waandaaji, maana sisi ndio tunakubali kambi ziwekwe kwa viwanja vya misikiti na shule zetu. Tukiwa wenyeji, tuna sauti ya kuweka masharti.

Kwanza, namba ipigwe hapo hapo. Karani akishaandika, aipige kwa simu ya kazi, simu ilie ndani ya mkoba wa mama. Isipolia, tunajua sasa, si baada ya wiki tatu. Fikirini jinsi tunavyotuma shilingi mia mbili za M-Pesa: tunasoma namba mara mbili, tunasubiri jina litokee, ndipo tunabonyeza. Pesa ya sukari tunaihakiki kuliko majibu ya saratani!

Pili, kila fomu iwe na mawasiliano mawili, na iandikwe ni ya nani. Namba peke yake haitoshi. Ni yake mwenyewe? Ya bintiye? Binti anajua? Apigiwe saa ngapi? Anayepokea aambiwe nini? Mama akisema "mwambieni tu nifike kliniki," iandikwe hivyo na ifuatwe hivyo. Hiyo ndiyo maana ya rekodi sahihi: mtu sahihi, wakati sahihi, kwa maneno aliyoyaruhusu.

Tatu, jina liandikwe kama lilivyo kwa kitambulisho, majina yote matatu, halafu pembeni jina analoitwa mtaani na alama ya nyumba. Mama Salim, nyuma ya msikiti, karibu na kisima. Asiye na kitambulisho asirudishwe. Apimwe, na maelezo yake yachukuliwe kwa uangalifu zaidi.

Nne, mama asitoke mikono mitupu. Apewe karatasi yenye tarehe, namba ya sampuli, jina la zahanati, namba ya kupiga, na siku ambayo akiwa hajapigiwa aende mwenyewe kuuliza. Na ile sentensi ya "tutakupigia kama kuna shida" ifutwe kabisa. Kila mtu apate jibu, mwenye shida na asiye na shida. Tuwafundishe kina mama maneno haya: kimya si jibu.

Tano, kabla ya kambi kuanza, tujue nani atawatafuta wasiopatikana kwa simu. Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima mwaka wa 2023, wale CHP wa nyumba kwa nyumba, wakapewa mikoba na simu. Wanajua mitaa yetu kuliko rejista yoyote. Wakae kwa meza ya usajili siku ile, wasiitwe baadaye kuokota vipande. Na anayetumwa nyumbani kwa mtu aambiwe tu "mwite afike kliniki." Majibu hayapitii mdomoni mwake.

Sita, na hili ni letu vijana wa kujitolea. Hakuna kupiga picha rejista na kuitupa kwa kikundi cha WhatsApp eti tusaidiane kutafuta watu. Hakuna kuacha fomu kwa meza tukienda kuswali. Hiyo ni amana. Kwa mkono mmoja tunamwomba mama ukweli, kwa mkono mwingine tunauanika hadharani? Atatupa uongo mara ya pili, na atakuwa na haki.

Tukitoka kwa kambi twende nyumbani. Wewe unayesoma hii, wiki hii keti na mama yako, nyanya yako, khalti yako. Muulize kwa adabu, si kama polisi: ulipimwa wapi mara ya mwisho, ulitoa namba gani, ulipata jibu? Wengi wenu mliwasajili wazazi SHA kwa kubonyeza *147#, wengine wakasajiliwa na watu wa mtaani wa kompyuta. Namba iliyoko kule ni ya nani? Bado inalia? Mkibadilisha laini, zahanati inajua? Kama kuna kadi ya kliniki kabatini, angalia jina lililoandikwa. Ukikuta kosa, mpeleke mama akalirekebishe. Ni asubuhi moja tu.

Na wale mnaokaa kwenye vikao vya bajeti na maoni ya wananchi, mkumbuke afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Zahanati ni za kaunti, makarani ni wa kaunti. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha ya 2030 kwa namba tatu: asilimia 90 ya wasichana wapate chanjo, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Ripoti zetu zinapenda ile ya katikati, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwa picha. Nyinyi ulizeni ile ya tatu. Waliopimwa mwaka jana katika wadi yetu ni wangapi? Waliopewa majibu ni wangapi, baada ya siku ngapi? Waliokutwa na shida ni wangapi, na kati yao waliotibiwa ni wangapi? Wale wasiopatikana, nani aliwafuata? Na fungu la bajeti la muda wa simu na nauli ya kuwafuata liko wapi? Unaweza kukuta kaunti ina pesa ya mashine na haina ya kumpigia mama simu.

Kwa wafadhili na waheshimiwa wanaopenda kambi karibu na uchaguzi, tuwaambie wazi: karibuni, lakini kambi haiishi jioni hema likivunjwa. Inaisha siku mtu wa mwisho amepata jibu lake. Kama mmekuja na pesa ya hema na hamna pesa ya kufuatilia majibu, punguzeni hema. Afadhali tupime hamsini na tuwajibu hamsini kuliko kupima mia tatu na kuwaacha gizani hatujui wangapi. Najua namba ndogo haivutii kwa picha. Lakini sisi hatukuitwa kuhesabu vichwa.

Wale kina mama walioacha duka na watoto wakapanga foleni juani, wakashinda haya yao, wakakubali kupimwa mahali pa siri, wametimiza upande wao. Upande uliobaki ni wetu, na unaanza kwa kalamu, kwa kusikiliza vizuri, na kwa kusubiri ile simu ilie.

Kambi ya mtaa wako inayofuata, kabla hujasambaza bango, mwandikie mwandaaji swali hili moja: majibu yatamfikia vipi mama, na kama namba yake ni mteja, nani ataenda kubisha mlango? Akikosa jibu, bango lisubiri.